Ndoo Niliyomzungushia Daktari

Mkitaka kunicheka, chekeni sasa hivi, maana mbele huko sina hakika kama mtaweza. Mimi mwenyewe hucheka nikifika pale leso iliponivuka, kisha hunyamaza. Hapa Kibuyuni kila mtu anaijua habari hii, na mgeni asiyeijua huonyeshwa kwa kidevu nikipita, "Ndiye huyo wa ndoo," kwa hiyo afadhali niisimulie kwa kinywa changu.

Sisi wanawake wa hapa tunalima mwani baharini, na mwaka jana bahari ilipata joto, mwani wetu ukaparara, ukawa mweupe, ukakatika kambani wote, tukabaki na vigingi na kamba tupu. Aliyetushika mkono ni Daktari Wambui (si wa kutibu watu, yeye amesomea mimea ya baharini, mtu wa bara lakini shikamoo zake zimenyooka kuliko za watoto wetu). Alizunguka huko majini akapata vishada vichache vilivyo hai, akavilea ndani ya tangi la maji ya chumvi kwenye banda letu la ufukweni, miezi na miezi, vikawa mbegu ya kututosha sote. Tulikuwa tunangoja bamvua tu, maji yatoke mbali, tuipande.

Aliyeingoja kuliko wote ni Bi Riziki, mjane, mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kufunga mwani nilipokuwa hata kamba siwezi kuishika. Alikuwa ameshatuambia wazi, "Wanangu, mbegu hii ikifa mimi nahama, nitakwenda kukaa kwa mkwe wangu Ukunda, maana hapa nitakula mchanga?" Na kukaa kwa mkwe uzeeni, mnajua wenyewe.

Sasa huyu Daktari alikuwa na mchezo wake. Siku moja tukifunga kamba akachukua ndoo ya maji, akaizungusha kwa mkono mmoja, ikapita mbele, ikapanda juu ya kichwa, ikashuka nyuma, ikarudi tena, na maji hayakumwagika hata tone, ndoo imepinduka na maji yametulia humo ndani! Bi Riziki akasema, "Audhubillahi, maji hayo yameshikwa na nani?" Daktari akacheka, akanigeukia mimi niliyekuwa nimetoa macho, "Ni mwendo tu, Mishi. Usisite. Ukisita hapo juu, imeenda. Na ikikuponyoka usidhani itaruka kando, itafuata njia moja kwa moja kule ilikokuwa ikielekea." Nikashika la kwanza, la pili likanipita. Nikawa najifunza nyuma ya nyumba mpaka kuku wakahama.

Ikafika siku yake ya kuzaliwa. Mambo ya siku hizi mnayajua, mtu siku yake lazima aloweshwe, na asiyemwagiwa maji ajue hapendwi. Basi tukachanganya maji ya kisima na sabuni ya unga, povu likapanda, tukapatana kwamba mwenzetu Fatuma amwite Daktari atoke bandani, mimi nimmwagie, kisha tukale pilau, wazee wameshakaribishwa na wamekaa mkekani. Rahisi hivyo. Lakini mimi (shetani wangu hapendi mambo rahisi) nikaona kummwagia hivihivi ni ushamba, ngoja nimzungushie kwanza, aone mwanafunzi wake amehitimu. Nilijiharibia hapo.

Daktari akatoka, akasimama mlangoni, tangi liko nyuma yake. "Aki nyinyi, leo sitoki salama!"

"Tulia Daktari," nikamwambia, "leo unamwagiwa kwa elimu yako mwenyewe."

Nikazungusha. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, vigelegele. Nikanogewa, nikaongeza, na Bi Riziki akaita kutoka kule alikokaa, "Mishi, mwanangu, inatosha, mmwagie mwenzio!" Nami (kichwa changu hiki!) nikageuka kumtazama ndoo ikiwa juu.

Nikasita.

Maji ya sabuni yakanishukia usoni, macho yakawaka moto, leso ikanivuka, nikabaki na shumizi iliyochanika mbele ya wazee wa watu, na mkono haujasimama, unaendelea wenyewe, ndoo bado ina nusu yake. Ilipopita chini kwenda mbele, mpini ukateleza. Haikupanda juu, haikwenda kando. Daktari aliinama, ndoo ikapita palepale alipokuwa, ikaingia mlangoni, nikasikia chubwi.

Watu walikuwa bado wanacheka, ile shumizi jamani. Asiyecheka alikuwa Daktari peke yake, ameshageuka anatazama ndani.

Kama ningekaa kitako hapo nikalia, huenda kitu kingepona. Lakini nikakimbilia ndani macho nimeyafumba nusu, nikaona povu limetanda juu ya mbegu, nikasema moyoni, isuuze, Mishi, isuuze haraka! Nikalishika dumu la maji ya kunywa nikalimimina lote tangini. Maji ya kisima! Mimi, niliyezaliwa hapa, ninayejua kwamba hata mvua kubwa huua mwani.

"Mishi, hapana!" Daktari alipiga kelele, na lilikuwa limekwisha.

Tulikimbilia maji ya chumvi sote na ndoo, na maji yalikuwa yamekupwa, wazee nao wakaacha pilau wakakunja kanzu, tukawa tunapita kwenye tope kwenda na kurudi. Asubuhi mbegu ilikuwa nyeupe na inateleza mikononi. Daktari aliishika, akaiachia, akasema, "Nilikuwa nimeshaizoea," akaenda kukaa nje.

Bamvua ikaja ikapita, hakuna aliyeingia majini.

Bi Riziki hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu, wallahi. Alikuja kwangu amefunga mzigo wake, akaniwekea kamba zake mlangoni, zimekunjwa vizuri. "Zichukue, mwanangu. Kule zitanifaa nini?" Nikamshika mkono, nikambebea mzigo mpaka barabarani. Akapanda tuktuk, akaondoka.

Nimeapa ndoo nitaibeba kichwani tu mpaka nife, na mtu akitaka kunionyesha kitu kinachozunguka nitafumba macho.

Juzi ilikuwa siku yangu mimi ya kuzaliwa. Nilivaa gauni kuukuu makusudi, nikapita kisimani, wenzangu wako pale na ndoo zao zimejaa. Nikawaamkia, wakaitikia. Nikapita polepole, nikarudi tena nikijifanya nimesahau kitu, Fatuma akainamia ndoo yake akaitazama. Nikafika nyumbani gauni langu likiwa kavu.