Mbuzi wa Kamera

Sanduku la kamera lilikuwa na picha ya ndege weupe wamejazana kwenye jabali la barafu, ng'ambo huko ambako bahari yenyewe huganda. Sisi wa mradi wa ndege tuliifunga kamera kwenye mwamba wa ziwani upande wa Nassa, palipo joto la kukaangia karanga, tukaielekeza kwa minandi. Ndege mweusi, shingo ndefu, haoni haya, na mwamba mzima ameupaka chokaa kwa kinyesi chake. Kazi yangu ilikuwa rahisi kiasi cha kuniletea dharau. Kamera inapiga picha kila kitu kinapotikisika, picha zinasafiri kwa mtandao hadi kwenye simu yangu Somanda, mjini Bariadi, na mimi kila asubuhi nikiwa na chai na kiazi ninazipitia. Yenye ndege inabaki. Isiyo na ndege inafutwa. Jirani yangu muuza vocha aliwahi kuniuliza kama kweli kuna mtu ananilipa kwa hilo, nikamwambia hata mimi nashangaa.

Tabu ilianza msimu wa kutaga. Asubuhi moja niliona picha ambayo nusu yake ni ndege wanaruka kwa hofu, na nusu nyingine ni mwanamke ameinama, kaipa kamera mgongo, anakwangua mavi ya ndege na kuyatia kwenye beseni la kijani. Uso sikuuona, wala sikuuhitaji. Beseni lile nililinunua mwenyewe na kulipeleka siku ya posa. Aliyeinama alikuwa mama mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa mjini siku hizi wanapiga selfi na wakwe zao, wameshikana mabega. Ukoo wa mke wangu hauna mambo hayo. Kwao mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini na kugeukia upande mwingine hadi mwenzake apite. Mkitaka kuzungumza, anakaa mtu katikati na kupokezana maneno, hata kama mnasikiana vizuri kabisa. Nilikuwa nimeoa miaka kadhaa na sura ya mama mkwe siijui. Nilizijua kandambili zake na sauti yake. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha, kwa sababu mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado mdogo, na nilipooa nilitumaini nimepata mwingine. Nikapata mama wa nyuma ya majani.

Sasa kamera ikawa inaniletea mama huyo kila siku nikiwa na kiazi mdomoni.

Nilijitahidi. Nikiona ukingo wa kanga yake tu, nafumba macho na kufuta kwa kidole gumba. Matokeo yake nilifuta minandi wengi wasio na hatia na kumbakiza yeye. Mke wangu akanikuta sebuleni nimefumba macho, simu mkononi, natabasamu kwa wasiwasi. Mke yeyote mwenye akili angefikiri alichofikiri yeye. Alinipokonya simu kimyakimya, akaiangalia, na nilimwona akijiandaa kulia kabla hajamtambua mwanamke niliyekuwa namficha. Alicheka hadi akakaa chini sakafuni.

Nikambembeleza amwambie mama yake aache. Maana jambo lenyewe halikuwa la kucheka tu. Kila mama alipopanda mwambani, minandi waliyaacha mayai, na mwewe hawangoji kukaribishwa. Mke wangu akafuta machozi, akakataa. Aliniuliza anapeleka vipi ujumbe wa namna hiyo: mama, acha kwenda mwambani, mume wangu amekuwa akikutazama kila asubuhi umeinama? Afadhali minandi wote waliwe, alisema. Mama yake alikuwa na bustani ya nyanya kando ya ziwa, na hakuna mbolea iliyozidi ile.

Nilinyamaza, na ningeendelea kunyamaza, ila picha zilikuwa zinafika pia kwenye kompyuta ya bosi wangu. Bosi ni mwanamke wa Tanga, Kiswahili chake kitamu hata akigomba. Alipoona viota vinapungua alipekua picha zake, akamkuta mtu na beseni. Akaamua mambo mawili. Kwanza, mkutano wa kijiji, mtu huyo atambuliwe na aonywe. Pili, asipotambuliwa, askari wa wanyamapori watajificha kwenye mawe na kumkamata. Kichwani nikamwona mama mkwe, mwanakwaya mkongwe wa kanisani, akishushwa kwenye gari la askari na beseni langu la posa kama kidhibiti. Usingizi ulinipaa.

Siku ya mkutano bosi alikuja na picha aliyoichapisha kubwa kama kalenda ya ukutani, akanikabidhi niishike juu, mbele ya ofisi ya kijiji. Nikaishika nikiwa nyuma yake, macho yangu kwenye bati la paa. Mbele yangu wanakijiji waliitazama ile picha, wakanitazama mimi, wakaitazama tena. Wote walimjua. Wote walijua mimi ni nani kwake. Hakuna aliyefungua mdomo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Bosi aliuliza huyu ni nani. Akauliza mara ya pili, kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye unayeziangalia picha hizi kila siku. Huyu mtu humjui?"

Kusema uongo sikutaka, na kusema kweli sikuweza. Nikasema sehemu ya kweli iliyokuwa karibu.

"Bosi, mtu huyu sijawahi kumtazama usoni hata siku moja."

Mkutano ulipasuka. Wazee waliegemeana. Mwanamke mmoja alilazimika kumpa jirani yake mtoto amshikie. Bosi alisimama pale na kalamu yake, hajui kama ametukanwa au ameburudishwa. Na katikati ya vicheko hivyo niliisikia sauti niliyoijua, kutoka nyuma kabisa, ikimwomba mama aliyekaa mbele yake aulize: hizo picha, anazitazama nani? Swali likapokezwa. Bosi akajibu kwa fahari kwamba anazitazama kijana wake huyu, kila asubuhi, bila kukosa.

Vicheko vikakatika. Kwa pembe ya jicho niliona kanga ikivutwa hadi kichwani, na kandambili ninazozijua zikiondoka taratibu kupita nyuma ya ofisi. Niliona aibu, nikaishusha ile picha. Mwenyekiti wa kijiji alimwinamia bosi na kumweleza sikioni. Bosi alitoa macho, akaziba mdomo, akageukia ukuta kidogo. Alipotugeukia tena suala la askari lilikuwa limekwisha. Hata kwao Tanga, alisema, mkwe hapelekwi polisi kwa mavi ya ndege.

Wazee wakatoa hukumu yao. Mkwe ameona asichopaswa kuona, na kisichoonekana kimeonekana. Hapo dawa ni mbuzi. Nikileta mbuzi, aibu imeondoka, na sisi wawili tutatazamana kama mama na mwanawe, bila majani wala mtu wa katikati. Bosi akasema mbuzi huyo ni wa mradi, kwa kuwa kamera ni ya mradi, na nilikuja kuambiwa kwamba kwenye karatasi za ofisi aliingia kama matengenezo ya kamera. Nilirudi Somanda nimejaa furaha. Mbuzi tu, halafu nina mama.

Mke wangu ndiye aliyenimwagia maji.

"Fikiri vizuri," alisema. "Kinachomzuia mama asipande mwambani ni aibu ya kuonwa na wewe. Ukipeleka mbuzi, aibu imekwisha. Ataamka na beseni lake."

Alikuwa sahihi, na lilinikera kwamba alikuwa sahihi. Tangu mkutano ule hakuna mwanamke aliyekanyaga mwamba, si mama mkwe peke yake. Wenye mabinti walikuwa wanaambiana kwamba kwa siku hizi huwezi kujua binti atakuletea nani, huenda naye akawa mtu wa kamera. Minandi waliobaki walirudi na kuatamia, na picha zikaanza kuonyesha makinda, vitu vibaya visivyo na manyoya, vimeachama. Kwa hiyo nikafanya kitu kigumu. Nikachelewesha mbuzi.

Bosi akiuliza, namwambia mila inataka mbuzi asiye na doa, na Simiyu yote mbuzi wana madoa msimu huu. Aliamini, kwa kuwa alikwishakata shauri kwamba sisi ni watu wa ajabu. Kijijini nikapata jina. Nikipita wananiuliza kama mbuzi wangu bado yuko tumboni mwa mama yake. Wakaniita bahili, na mkwe bahili Usukumani hana pa kuuficha uso. Mama mkwe mwenyewe hakutuma neno. Nikienda kukagua betri ya kamera aliingia majanini kama zamani, na mimi nikaingia upande wangu, kila mmoja na majani yake. Nyanya zake zilikuwa zimesinyaa. Nilitamani kupasua ukimya ule na kumweleza, lakini hapakuwa na mtu wa katikati.

Hatimaye asubuhi moja picha zilionyesha mwamba mtupu. Makinda walikuwa wameruka. Siku hiyohiyo nilimnunua mbuzi wa kwanza niliyekutana naye Lamadi, ana madoa kila mahali, nikampakata kwenye bodaboda hadi Nassa, mke wangu akiwa nyuma yangu.

Mama mkwe alitoka ndani, akaketi kwenye kigoda, kanga ikashushwa kutoka usoni. Nilianza na kandambili, mahali nilipopazoea, nikapandisha macho polepole. Ana macho ya mke wangu. Ana pengo la mbele. Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka. Aliitika, akamtazama mbuzi, kisha akaniita mkwe kwa lugha hiyohiyo.

"Mbuzi wako ana mwendo wa pole, mkwilima. Makinda wameruka?"

"Wameruka, mayu," nikasema, yaani mama.

"Najua. Nilikuwa nawaona kutoka bustanini. Kesho nakwenda kuchukua mbolea yangu."

Nilibaki nimeachama kama kinda. Nikamgeukia mke wangu, aliyekuwa anajishughulisha sana na kamba ya mbuzi. Akasema mama alimpigia simu siku ileile ya mkutano na kumtuma aniambie nisiharakishe na mbuzi, wale ndege wakue kwanza. Nikamuuliza mbona hakunifikishia ujumbe, nimetukanwa na kijiji kizima. Akajibu kwamba aliona naelekea kufanya hivyo mwenyewe, akaona asiniharibie.

Asubuhi iliyofuata simu ililia nikiwa na chai. Picha ilikuwa ya sura moja, karibu kabisa na kioo cha kamera mpaka paji la uso limekatwa: macho ya mke wangu, pengo la mbele, na mkono umenyanyua nyanya moja iliyosinyaa ili niione vizuri. Nyuma yake mwamba mweupe, na beseni la kijani. Niliikagua pembe zote nne. Haikuwa na ndege hata mmoja, na sikuifuta.