Mkanda wa Kunyanyulia Kihori

Mwanangu, kuna Jumamosi moja kule Likuni, pembeni mwa mji wa Lilongwe, ambayo hata leo nikiikumbuka uso unanipata moto. Watu walikuwa wamejaa uani kwa mzee mmoja, wamekuja kuangalia mashua yake, na mimi nilikuwepo katikati yao nimevaa gauni langu zuri la kanisani. Siku hiyo nilinyamaza pale nilipotakiwa kusema. Nakusimulia bila kujificha, maana wiki ijayo unaanza kushona peke yako hapo sokoni, na watu watakuletea vitu vyao wakiwa wanakuamini.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimefika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nje ya Lilongwe, kutoka Burundi miaka michache kabla, na fundi aliyenifundisha aliitwa Papa Kizito, Mkongomani wa Kalemie, aliyezeeka akishona maturubai ya malori na matanga ya mashua za Ziwa Tanganyika. Wewe ulimkuta ameshafariki. Katika wanafunzi wake mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee, na nitasema ukweli, nilikuwa nashona vizuri. Nilijua kwamba nashona vizuri, na nilipenda watu wengine nao wajue.

Huyo mzee wa Likuni tulimwita Bambo Mwafulirwa, yaani Baba kwa Chichewa, lugha ya huko. Alikuwa mwalimu mstaafu wa ufundi, mtu wa Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania, kwa hiyo Kiswahili alikijua. Kwa miaka mingi alikuwa akijenga mashua ya tanga uani kwake, mbali kabisa na ziwa. Ilikuwa ndogo, yenye mlingoti mmoja na kijumba cha kulala watu wawili, na shabaha yake ilikuwa kulizunguka ziwa yeye na mkewe, ghuba hadi ghuba, bila haraka. Majirani walimcheka sana. Walimuuliza kama anangoja mvua ijaze mji wote wa Lilongwe.

Sasa, mashua ya namna hiyo haifiki ufukweni, mwanangu. Inatia nanga kwenye kina, na ukitaka kushuka nchi kavu unahitaji kamashua kengine kadogo, ndicho kihori. Ugumu uko wakati wa safari: kihori utakiweka wapi? Ukikivuta nyuma kwa kamba kinapunguza mwendo, na wimbi likikijaza maji kinakuwa mzigo wa kukurudisha nyuma. Bambo alitaka kukibeba juu ya mashua, kikiwa kimelala mbele ya mlingoti. Ili kukipandisha, alihitaji kamba inayopita juu ya mlingoti, na mkanda wenye miguu mitatu. Mguu mmoja unashika mbele ya kihori, miwili inashika nyuma, na yote inakutana juu kwenye pete ya chuma. Mkanda huo ndio alikuja kumwomba Papa Kizito, na Papa Kizito akanipa mimi.

“Mi mukono inatetemeka sasa,” aliniambia. “Utashona weye. Lakini mbele ya kupeleka, utundike kwanza kitu kizito, kizidi hata kile kihori. Ukiacha kupima, ujue haujamaliza. Umesikia?”

“Nimesikia, Papa.”

Nilishona kwa moyo wote. Mkanda ulikuwa ule mpana wa kufungia mizigo ya malori. Kila ncha niliikunja ikazunguka chuma, kisha nikashona mshono wa umbo la kisanduku chenye msalaba ndani, nikarudia mara saba. Alhamisi, nikiwa kwenye mguu wa mwisho, uzi mnene wa nailoni ukaniishia. Ili kupata mwingine ilibidi niende Lilongwe, na Jumamosi Bambo alikuwa ameshaalika majirani wote, hao hao waliomcheka, waje waone mashua imekamilika. Nilitaka na mimi niwepo, nionekane. Nikachukua uzi mweusi wa mashati ya shule, nikautia mara mbili, nikamalizia nao. Kwa macho usingeona tofauti.

Papa Kizito alikuwa amelala na malaria. Nilipokwenda kumuaga aliniuliza, sauti yake chini kabisa, “Ulipima?”

“Nilipima, Papa.”

Sikuwa nimepima.

Basi Jumamosi ikafika. Mashua ilikuwa imesimama juu ya magogo, imepakwa rangi ya bluu na nyeupe, mlingoti umeinuka kupita paa la nyumba. Kihori kilikuwa chini kando yake. Bambo mwenyewe alitia kulabu ya ile kamba kwenye pete ya mkanda, akashika kamba ya kuongoza ili kihori kisiyumbe, na mkewe, tuliyemwita Mai, yaani Mama, akaanza kuzungusha winchi, ile mashine ndogo ya kuvutia kamba. Kihori kikaanza kupanda. Nakumbuka nilitazama huku na huku nione ni wangapi wanaangalia mkanda wangu.

Kilipofika usawa wa kifua, mguu mmoja wa nyuma ukaachia. Ulitoa sauti kama shati linalopasuka mgongoni. Kihori kikainama, kikagonga ubavu wa mashua, na kona yake ya nyuma ikamwangukia Bambo mguuni.

Vidole viwili vya mguu vilivunjika, na ubao wa kihori ukapasuka. Kule nyuma mtu mmoja alicheka, kisha akaona damu, akanyamaza. Wanawake wakamkalisha Bambo kwenye kigoda, jasho likimtiririka, na maneno yake ya kwanza yalikuwa haya:

“Kosa ni langu jamani. Nilitia kulabu upande.” Kisha akanigeukia. “Dada, usihangaike. Mkanda wako hauna tatizo.”

Aliwaambia majirani wote hivyo. Na mimi niliyekuwa naona uzi wangu umening'inia umekatika, nilisema, “Pole, Bambo.” Sikusema kingine. Mai, kabla hajaondoka na mumewe kwenda hospitali, alihakikisha nimepewa sahani ya nsima, ule ugali wa kule, kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali. Niliila. Mpaka leo sijui niliimezaje.

Nilirudi Dzaleka na mkanda kwenye mfuko. Papa Kizito alikuwa ameamka, amekaa mlangoni kwake amejifunika blanketi. Habari ya mguu wa Bambo ilikuwa imeshamfikia. Alinyoosha mkono, akapokea mkanda, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hapo kidole kikasimama.

“Huu uzi ni wa chemizi ya batoto ya shule.”

“Ndiyo, Papa.”

“Na haukupima.”

“Sikupima.”

“Yule mzee anasema nini?”

“Anasema kosa ni lake.”

Nilidhani atanipigia kelele. Ningependa angenipigia kelele. Alikunja mkanda polepole, akaniwekea magotini. “Uzi kuisha, inafikaka kwa kila fundi,” alisema. “Hata mi, kule Kalemie, tanga yangu ilipasuka bantu bakiona. Ile naweza kukusamehea. Lakini ule mzee iko na maumivu ya mguu, na juu yake unamubebesha kosa yako. Ile hapana. Njo kitu kinanichoma. Sikukufundisha kushona ili mutu mwingine alale anajilaumu mahali pako.”

Akaingia ndani, akafunga mlango. Kwa miaka yote niliyokaa naye, ilikuwa mara ya kwanza kunifungia mlango.

Jumatatu nilichukua karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka barabara ya lami, kisha basi dogo mpaka mjini, kisha Likuni. Nilimkuta Bambo sebuleni, mguu umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya mto. Nilisimama karibu na mlango, nikasema yote kwa mfululizo: uzi, kutopima, uongo niliomwambia fundi wangu, na ukimya wangu wa pale uani. Mai alisema maneno ya Chichewa ambayo sikuyaelewa yote, na niliyoyaelewa yalinitosha.

Bambo aliusogeza mguu wake vizuri juu ya mto.

“Jana nimezungumza na mtu anayetaka kuinunua mashua,” alisema. “Nilijiambia mikono yangu imezeeka. Kama nashindwa kutia kulabu hapa uani, itakuwaje ziwani na mke wangu yumo? Nikaamua basi, niiuze.”

Mwanangu, hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Vidole vya mguu vilikuwa jambo dogo. Kidogo tu ningemnyang'anya mzee yule kazi yote ya miaka yake kwa sababu ya kuona haya.

“Nipe nafasi nishone tena, Bambo.”

“Na safari hii nani atakaa karibu na kihori? Maana mimi sitakaa.”

“Hakuna atakayekaa karibu. Mimi nitakaa ndani.”

Bambo akanitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona anataka kutabasamu.

Nilinunua uzi mjini siku hiyo hiyo. Nilifumua mishono yote, hata ile mizuri, nikaanza upya. Nilipomaliza tuliutundika mkanda kwenye chuma kinene cha jengo moja la zamani pale kambini, la enzi Dzaleka ilipokuwa gereza, tukaupachika magunia ya mchanga. Tuliongeza gunia juu ya gunia mpaka wanaume wanne wakashindwa kuuinua mzigo. Ukakaa hivyo kutwa nzima. Papa Kizito alileta kiti chake akakaa mbele yake kama mtu anayelinda mlango. Jua lilipoanza kushuka alisimama, akapitisha kidole gumba kwenye kila mshono, akafika wa mwisho, akasema, “Sasa njo mushono.” Kwa Kiswahili chake, sasa huu ndio mshono. Mimi nililia, nikasingizia vumbi.

Jumamosi iliyofuata, kihori kikiwa kimetiwa ubao mpya, Bambo aliwaita majirani tena. Alitoka na fimbo, akawaambia mbele yangu kwamba kulabu yake haikuwa na kosa, kwamba mshono ndio ulikuwa mbaya, na kwamba aliyeushona amekuja mwenyewe kusema. Kisha nikavua viatu, nikaingia ndani ya kihori. Nilishika kingo mbili. Mai akazungusha winchi, na macho yake hayakutoka kwenye mkanda.

Nilipanda. Nilipita ubavu wa mashua, nikapita ukingo wake, nikawa juu ya vichwa vya watu. Niliona paa za mabati za Likuni, niliona ng'ambo ya ukuta watoto wakikimbia kuja kutazama. Mkanda ulilia kidogo ulipojivuta, kisha ukatulia. Wakanivuta kwa kamba ya kuongoza mpaka juu ya mashua, wakanishusha taratibu mbele ya mlingoti, kihori kikakaa mahali pake kama kilivyopimwa. Uwanja wote ulipiga vigelegele. Bambo aliinua fimbo yake juu akapiga kelele, “Zikomo! Zikomo kwambiri!” yaani asante sana. Sijawahi kujisikia mrefu kiasi kile, mwanangu, na sioni aibu kulisema.

Mashua haikuuzwa. Ilipakiwa kwenye lori ikaenda Salima, kando ya ziwa, na wazee wale wawili walisafiri nayo miaka mingi. Siku moja walinialika. Tukiwa majini upepo ulibadilika ghafla, mawimbi yakaanza kujaza kihori tulichokuwa tunakivuta kwa mwendo mfupi tu. Tulitoa maji kwa ndoo, tukatia kulabu, tukakipandisha na maji mengine yamebaki ndani, mashua ikiyumba, mkanda umekaza kama chuma. Bambo hakuutazama hata mara moja. Alikuwa anatazama upepo. Hiyo kwangu ilikuwa sifa kuliko vigelegele vya Likuni. Baada ya hapo wavuvi walinitafuta, wenye malori walinitafuta, na jina langu likavuka uzio wa kambi kabla yangu.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Kazi ya mikono yako ipime mwenyewe kabla mtu hajaweka maisha yake chini yake, na uipime kwa uzito unaozidi atakaoutumia. Uzi ukiisha, sema umeisha. Mteja atangoja, au ataondoka, yote ni sawa. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, usimwache mtu mwingine abebe kosa lako hata siku moja. Mwendee mapema, ungali unaogopa, kabla hajauza mashua yake.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe macho ya kuona mshono mbaya kabla ya mteja, na ulimi mwepesi wa kuusema. Akupe fundi wa kukufungia mlango unapostahili, na siku ya kukufungulia. Watu watakaobebwa na kazi yako wafike salama, nawe ukae kati yao bila kuinamisha kichwa. Amina.