Kisima cha Mitwero Chini ya Vidole

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa kijana niliyetoka Pande, Karani Mkuu wa Lindi alinikabidhi kibao cha chuma chenye vijumba, sindano butu yenye mpini wa mti, na karatasi nzito, akisema ni kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili. Zilikuwa kumi na moja. Akanitazama, akaongeza moja. "Wewe utafaa," akasema.

Kazi ilikuwa kuandika nukta nundu kwa ajili ya wasioona. Ninyi wa leo mna mashine. Sisi tulitoboa nukta moja moja. Unatoboa mgongoni mwa karatasi, kutoka kulia kwenda kushoto, ili ukiigeuza nundu zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Kila herufi ina nafasi ya nukta sita, na ukikosea moja umeandika kitu kingine. Barua nilizimudu. Jasho lilinitoka kwenye hati zenye ramani.

Hati iliyonifundisha kazi ilikuwa ya Mzee Mfaume wa Mitwero, aliyepoteza macho vitani Bama, kule Asia, na kufundishwa kusoma huko huko alikotibiwa. Shamba la mkonge jirani yake lilikuwa linapanuka, na mpaka mpya ulihitaji dole gumba lake. Kwenye shamba lake kulikuwa na kisima, maji matamu pekee kwa nyumba tisa. Akasema hatii dole kwenye kitu ambacho hajakisoma.

"Asomewe," Karani Mkuu akasema.

"Nimesomewa mengi, Bwana Mkubwa. Hili nalisoma mwenyewe."

Maneno nikayatoboa. Kwa ajili ya ramani nikaazima kwa fundi cherehani wa Mtanda kile kigurudumu chenye meno cha kufuatishia alama za mishono. Nikaiweka ramani juu ya karatasi nzito, nikapitisha kigurudumu kwenye ufuko, kwenye mpaka, na kuzunguka kisima. Mzee Mfaume akapapasa ufuko.

"Karani, mwanangu, bahari umeihamishia bara."

Maneno nilikuwa nimeyaandika kinyumenyume, kama inavyotakiwa. Ramani nikaifuatisha ilivyo, kwa hiyo karatasi ilipogeuzwa mashariki ikawa magharibi. Nikarudia, safari hii nikiwa nimeigeuza ramani kwenye kioo cha dirisha ili mistari ionekane kwa nyuma.

Kesho yake Mzee akasoma kwa mikono miwili, wa kushoto kwenye maneno, wa kulia kwenye ramani. "Bahari imerudi," akasema. "Ila maneno yanasema kisima ni changu, na mstari umekiacha nje."

Karani Mkuu akavua miwani. "Jana bahari, leo kisima. Kesho utatuhamishia Lindi nzima. Sahihisha, kijana, atie dole aende zake."

Kusogeza kisima kwenye nakala yangu ilikuwa kazi ya dakika tano. Mzee angeridhika, kisha angetia dole kwenye hati ya wino, yenye mpaka mwingine kabisa. Nikaweka rula juu ya ramani yenyewe, aliyoichora Bwana Mpimaji wa ardhi. Nikaweka tena. Kisima kilikuwa upande wa mkonge. Sisi wenye macho tulikuwa tumesoma maneno, ramani tukaitazama tu.

"Bwana Mkubwa," nikasema, "kosa la jana nalichukua lote. La leo hata robo silichukui."

Akapima mwenyewe. Akairudisha ramani kwa Mpimaji. Ilipokuja mpya, Mzee Mfaume aliisoma mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kilichosoma ni kidole cha shahada. Mbona wino mnampa gumba?" Akatia dole.

Nakala ya nundu ilibaki kabatini kwangu. Kila mwaka baada ya mavuno alikuja kuishika, maana kutuamini hakutuamini sana, na nikihesabu makosa yetu mawili, alikuwa na haki. Nundu zikiguswa mno hulala. Kwenye karatasi ile zililala mahali pamoja tu.

Siku ya kustaafu nilimkabidhi aliyenirithi vibao vinne na sindano saba, tukavihesabu mara mbili. Kisha nikamwomba anisubiri kidogo. Nikaitoa karatasi ya Mitwero, nikaigeuza, nikakitoboa kisima upya.