Lisansi Mbili za Gardien Mugisho

Siku ya kwanza ya kazi yangu mu timu, nilifika nimevaa soksi ndefu za baba, juu niliwaza kama futbol njo soksi. Sekretere wa timu aliniangalia kutoka chini mpaka juu, akauliza:

"Cito, unakuja kucheza ao kuoa?"

"Kile kitatangulia, papa."

Akanipatia beseni ya vareuse kumi na nane, zile nguo za juu zenye namba, na kipande ya sabuni. Vile njo nilianzaka. Leo niko na miaka makumi mbili na moya na niko retraité. Musicheke, batoto. Nilisoma mpaka sixième primaire tu, darasa ya sita, lakini kustaafu nilimutangulia baba yangu.

Kisha kufua, banipandisha cheo: kubeba mipira na pompe. Mwaka ukapita, sekretere akagonjwa macho, banipatia lisansi za bachezaji nichunge. Lisansi iko karatasi ngumu yenye foto, jina na kashe, muhuri ya ligi. Bila ile, mutu hachezi hata kama anaruka sawa samaki. Mbele ya match kuanza, arbitre, mwamuzi wa mupira, anasimama, miye ninaita jina, muchezaji anajibu "présent", arbitre anaangalia foto, anaangalia sura. Miye njo nilikuwa mulango. Koch mwenyewe alikuwa ananisalimia wa kwanza.

Ule wakati wa vita, barrière za basoda, bizuizi bya njia, zilikuwa nyingi kuliko goli tulizoingiza. Tukakosa gardien, golikipa; wetu alikimbilia ngambo ya mto Ruzizi. Njo Mugisho akakuja. Timu mbili zilikuwa zimeshamufukuza. Alipiga kapiteni wake kichwa. Alisema mama yake amekufa, bakachanga ya matanga, mama akakuja mwenyewe kuangalia match. Lakini mikono! Mupira ulikuwa unamufata sawa mbuzi anafata chumvi.

Koch, mwalimu wa katekismu, alikataa. "Tabia mbaya iko sawa upele, Prezida. Mumoja anajikuna, kesho timu nzima."

Prezida wa timu, papa mwenye tumbo na maneno fupi, akajibu: "Koch, upele iko na dawa. Kufungwa goli tano kwa sifuri, dawa yake njo Mugisho."

Nikamutengenezea lisansi. Fotografe anatoaka foto ine, ligi inaomba mbili tu. Mugisho akaniomba zile mbili zilizobakia, eti za kupelekea mama. Nikamupatia. Sikuuliza mama gani, yule muzima ao yule wa matanga.

Tukashinda match tatu. Ya ine ilikuwa kule Walungu, mbali na Bukavu. Tukapanda camionnette, miye mbele na sanduku ya lisansi ku magoti sawa padri na ekaristi. Mu njia, barrière. Basoda balikuwa banatafuta bijana ba kubeba masanduku ya risasi mpaka mulimani. Kila mutu alijua: benye kubeba, bengine balirudi bamevunjika, bengine habakurudi.

Koch akashuka, akaonesha karte yake ya mwalimu, akasema hii ni timu. Komanda akasema: "Mwenye lisansi apande. Mwenye hana, abebe."

Basi nikatoa lisansi zangu, nikasimama sawa arbitre. "Numéro dix!" "Présent." "Numéro sept!" "Présent." Niliita na sauti nzuri sana. Komanda alikuwa anaangalia foto, anaruhusu. Bote bakapanda, na koch na karte yake; shofere alikuwa ku usukani. Sanduku ikawa mutupu. Pale njo niliona kama chini tulibakia babili: convoyeur wa gari, ule mwenye kupakia mizigo, mutu wa sala, na miye. Nilitengenezea timu nzima lisansi, miye mwenyewe sina hata foto.

Komanda akauliza: "Na wewe mwenye kuita?"

Nikafungua sanduku tena, nikatafuta ndani.

Mugisho akaruka chini ya camionnette, akaingiza mukono mu soksi, akatoa lisansi ingine. "Mon commandant, huyu iko Baguma, gardien numéro deux, wa pili. Anaita benzake, anajisahau."

Ilikuwa foto yake, ile niliyomupatia. Jina Baguma, timu ya Mumosho. Kumbe samedi anacheza kule na jina ingine, dimanche kisha misa anacheza kwetu.

Komanda akaangalia foto, akaniangalia. "Masikio haifanane."

"Ilipigwa kabla ya njaa, mon commandant."

"Kama ni gardien, ashike." Akaokota kiazi ku pembeni ya njia, akanirushia. Nikatandika mikono, kiazi ikanipita, ikanigonga ku paji ya uso.

Mugisho hakucheka hata. "Njo maana iko numéro deux."

Basoda bakacheka mpaka mumoja akakaa chini. Komanda akanirudishia ile lisansi, akapiga mukono: pandeni. Convoyeur alibakia. Alirudi kisha wiki tatu, bega yake ya kuume haipande tena.

Kule Walungu tulishinda. Tuliporudi Bukavu, koch akaomba komite ya timu ikutane. Siku ile nilikaa mbele ya Prezida.

Koch akasema: "Muchezaji wa lisansi mbili, ligi inamufungia, na sisi tunapoteza match zote. Niliiona na macho yangu. Lakini mulinzi wa lisansi ni Cito. Muulize yeye."

Prezida akageuka: "Cito. Ile lisansi ya pili, iko ya nani?"

Kama nikisema kweli, Mugisho anaisha, na ni yeye alinitoa chini ya risasi. Kama nikidanganya, ninadanganya koch, mutu pekee aliyewahi kuniamini na mufunguo ya sanduku ya lisansi.

"Iko yangu, Prezida." Nikaiweka ku meza.

Akaisogeza karibu na macho. "Huyu ni wewe?"

"Basoda balikubali."

Hakuna mwenye alicheka. Koch akaangalia dirisha. Prezida akapasua lisansi vipande ine, akaiweka mu mufuko yake.

"Kuanzia leo hauna kazi. Gardien akidanganya, ni tabia yake. Mwenye lisansi akidanganya, ni timu yote inadanganya."

"Na Mugisho?" koch akauliza.

"Mugisho anacheza dimanche."

Hivi njo nilistaafu, bila beer ya kuagana. Kisha siku kidogo, koch alinikuta ku soko, akanishika mukono muda murefu. Akasema: "Ungesema kweli, ningejua wa kufukuza. Sasa sijue hata kama nilikuwa na haki ya kuuliza."

Na miye sijue, mwalimu.

Bijana ba timu banakuja kuniuliza, sawa muzee: mutu wa kipaji na tabia mbaya, apewe nafasi? Asubui ninasema hapana, ninawaza bega ya convoyeur, ninawaza kazi yangu. Mangaribi ninasema ndiyo, juu niko hapa ninakula. Yule wa tabia njema alibeba risasi. Yule wa tabia mbaya alishuka mu gari wakati hakuna mwenye alimwita.

Dimanche iliyopita nilienda kuangalia match. Nililipa mulangoni sawa mutu yeyote. Nilijiambia: leo sitamupigia makofi. Penalti ikapigwa, Mugisho akalala kushoto, akashika mupira. Nikasikia makofi karibu na masikio yangu, nikageuka kuangalia ni nani. Ilikuwa mikono yangu.