Mkwe Wangu Ananiomba Msamaha wa Kosa Langu

Mama huyu anatoka upande wa Makueni. Ametuomba tufiche jina lake, nasi tumelificha. Msomeni hadi mwisho kabla ya kumjibu.

Watoto wangu mnaosoma ukurasa huu, mimi ni nyanya wa miaka sabini na kitu. Mwaka wenyewe sijui, kwa kitambulisho walikadiria tu. Shule sikuona hata mlango wake. Haya nayasema kwa mdomo, na rafiki yangu wa kanisani ndiye anayeandika. Hata yeye ameyasikia leo kwa mara ya kwanza, na ameshaweka kalamu chini mara mbili.

Nilikuwa na msichana, hapa nitamwita Mwende. Aliolewa na kijana wa kutoka Zombe, mtu mpole, na wakaenda London kwa masomo. Mwaka wa tano akaniandikia barua: mama, njoo utembee siku nne. Alikuwa amepanga kila kitu kwa karatasi. Siku ya kwanza nipumzike. Ya pili tuone mto na daraja linalofunguka katikati meli zikipita. Ya tatu nyumba ya malkia. Ya nne, sokoni. Tiketi wangelipa wao. Nilicheka, nikamwambia mchungaji aliyenisomea, "Mtu apande ndege kwenda kuangalia daraja? Hata hapa kwetu Tawa kuna daraja." Lakini moyoni nilikuwa nimeshafika. Nilienda Nairobi nikapigwa picha, nikaweka kidole gumba, na pasipoti ikatoka. Nilianika mbaazi za kumpelekea. Nikashona sweta.

Halafu nikakumbuka nthoni.

Kwa wasio Wakamba, nitawaeleza. Mama mkwe na mume wa binti yake wana aibu ya heshima. Hamwangaliani usoni, hamli pamoja, na kulala chini ya paa lake, hilo hata usiliwaze. Mpaka siku akuletee mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, ndipo aibu inalegea. Huyu wangu aliondoka nchini kabla ya kuleta.

Mwende alikuwa akipiga simu kwa duka moja pale Tawa, siku tuliyopatana kwa barua. Nikamuuliza, "Nyumba yenu ina vyumba vingapi?"

"Kimoja, mama. Lakini yeye atalala kwa rafiki yake hizo siku zote. Tumeshaongea."

"Na kiti nitakachokalia ni cha nani? Kitanda ni cha nani?"

"Mama, huku ni mbali. Nani atakuona?"

"Mimi nitajiona. Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Baba yake atamleta wiki hii. Nitamwandikia leo."

"Baba yake ndiye aliyekuoa? Aje mwenyewe. Akishamleta, nitakuja hata kwa miguu."

Watu dukani walicheka, na mimi nikafurahi kwamba wanacheka. Nilijiona mwanamke wa maana. Mwende hakucheka. Akasema, "Siku nne tu, mama. Nakuomba." Nikamwambia wewe ni mtoto wangu lakini hutanifundisha utu uzima. Akasema, "Sawa, mama. Nimesikia." Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyoisikia.

Haikupita miezi mitatu akafa. Kumbe damu yake ilikuwa imeharibika, alitibiwa mwaka mzima, na madaktari walimkataza kupanda ndege. Ndiyo maana hakuja yeye. Hizo siku nne zilikuwa nafasi kati ya dawa na dawa, wakati anaweza kusimama na kutembea. Alinificha ili nije nikiwa na furaha. Angesema neno moja tu, ningekanyaga nthoni kama majani! Lakini mtoto alitaka mama yake aje kwa sababu ameitwa, si kwa sababu ya kifo.

Aliletwa nyumbani tukamzika. Jioni ile mkwe wangu alikuja akasimama nyuma ya ukuta wa jikoni, kama desturi inavyotaka, akaniongelesha bila kuniona. Nilisikia analia. Akasema, "Mama, unisamehe. Mwende aliniambia pasipoti yako imechelewa. Ningetuma pesa za kuitafuta mapema, ungefika. Ni mimi nilichelewa."

Pasipoti ilikuwa ndani ya nyumba hiyo, chini ya godoro langu. Msichana wangu alimdanganya mume wake ili asijue mama mkwe amemkataa. Alinifunika nguo mimi, na yeye akabaki kwenye baridi. Nami pale nyuma ya ukuta nikasema nini? Nilisema, "Nimekusamehe." Mungu anisikie, nilisema hivyo.

Sasa ni mwaka wa pili. Hajaoa. Juzi ameniandikia tena. Ile karatasi ya Mwende bado anayo, na anataka niende tutembee siku zile nne jinsi zilivyopangwa, yeye alale kwa rafiki yake. Mbuzi simdai tena. Mwisho wa barua ameandika tena, "Unisamehe kwa kuchelewa." Kila barua anaandika hivyo. Mama yake ameniambia kijana hali vizuri, amekonda, anajilaumu.

Nikimwambia ukweli, nitamtua mzigo usio wake, lakini atajua mke wake alimdanganya katika siku zao za mwisho, na pengine hatanitazama tena hata kwa mgongo. Nikinyamaza, nitasimama kwenye daraja hilo na mtoto wa watu akiniomba msamaha kwa kosa langu, nami nikiitikia.

Msinipake mafuta. Nigombezeni kama mnavyogombeza mama yenu, lakini mniambie: nimwambie, au nife nalo? Yeye anangoja barua.