Mawe ya Upande wa Ziwani

Kanisa letu pale Ujiji lilikuwa dogo, na sisi tulikuwa tunazaa. Kila Jumapili nusu ya waumini walisali nje, na mvua ikinyesha walisali huku wameloa. Kwa hiyo padri alipouliza nani anakubali kanisa liongezwe upande wa ziwani, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Mimi ni mtu wa haraka. Mama mkwe alizoea kuniambia haraka haraka haina baraka, nami nikimjibu kwamba pole pole yake haijawahi kuivisha maharage.

Sikukumbuka kwamba upande wa ziwani ndiko walikolala watoto. Enzi zile wachanga waliobatizwa wakafa walizikwa nyuma ya ukuta wa kanisa, bila msalaba wala jina, kila mmoja na jiwe moja la kutoka ufukweni. Wa kwangu aliishi siku tisa. Baba yake alikuwa baharia na meli ilikuwa safarini, tukamzika mimi na mama mkwe. Jiwe lake lilikuwa la kijivu kama mengine yote. Tangu hapo, kila meli iliporudi, mume wangu alipita kwanza pale ukutani ndipo aje nyumbani kula.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kujitegemea, hata msingi wa kanisa. Jumamosi moja akina mama tuliitwa kukusanya mawe na mchanga. Walikuja wengi, wengine kutoka Katubuka na Buzebazeba, na beseni zao na nyimbo zao. Mimi nilipangiwa mchanga, nikashuka ziwani. Niliporudi, nyuma ya ukuta palikuwa peupe. Majani yamefyekwa, na kila jiwe lililoonekana limebebwa, limepasuliwa kwa nyundo na kumwagwa kwenye mtaro wa msingi. Wageni wangejuaje? Jiwe ni jiwe. Nilishikwa na hasira za kumpiga mtu, na sikuona wa kumpiga.

Kesho yake padri, ambaye naye hakujua habari za mawe yale mpaka tulipomwambia, alitangaza kwamba wenye watoto pale waje Jumatatu waonyeshe, ili wahamishiwe makaburi mapya. Tulikuja wanawake watatu. Tulisalimiana, “Tumsifu Yezu Kristu,” kisha tukasimama tunatazamana.

“Mama, wewe nionyeshe tu,” fundi aliniambia kwa upole, jembe mkononi. “Nichimbe wapi?”

Nilihesabu hatua kutoka pembe ya ukuta. Nikarudia, nikafika mahali pengine. Mara ya tatu pengine tena. Nilimzaa mimi, nikamzika kwa mikono yangu, na sasa sikujua alipo. Padri alikuwa amekwisha kuvaa stola shingoni, anasubiri. Nikasema, “Hapa.”

Fundi akachimba. Udongo mweusi, halafu mwekundu, basi. Hapakuwa na kitambaa wala mfupa. Padri akasema mtoto wa siku tisa hurudi mavumbini upesi, tuchukue udongo wenyewe. Wakaujaza kwenye kisanduku cha mbao. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alikuwa anakitazama kile kisanduku, na nilielewa anachowaza: huenda nimemchukua wa kwake. Naye alipoulizwa, alionyesha mahali, kama mimi.

Meli ilirudi Jumatano. Mume wangu alikwenda ukutani kama kawaida yake, akakuta mtaro na mafundi, akaja nyumbani mbio. Nikampeleka makaburi mapya. Alivua kofia, akapiga magoti mbele ya kale katuta kadogo. Yeye hakuwahi kumwona mtoto yule, si hai wala maiti.

“Walipomtoa, ulikuwepo?” akaniuliza.

“Nilikuwepo.”

“Ulimwona?”

“Nilimwona.”

Akainua uso. “Anafanana na nani?”

Nikamwambia anafanana na yeye.