Takataka Zinazopimwa Mzanini

Juzi tuliitwa ofisi ya kata, Ruponda, tupeleke simu mbovu. Mtaalamu aliyevaa glavu akatueleza kwamba viwango vya kimataifa vinataka simu zilizokufa zikusanywe, maana zina sumu inayoharibu udongo.

“Hizi ni takataka hatari, mama zangu. Msikae nazo ndani.”

Tukaitikia. Kisha akafungua boksi, akatoa mzani.

Bibi mmoja mkulima wa korosho, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, akaurudisha mkono wake ulioshika simu. “Mwanangu, takataka unazipima?”

“Ndiyo utaratibu, bibi. Lazima uzito ujulikane.”

“Ujulikane kwa nani?”

Mtaalamu akabaki anafuta mzani ambao haukuwa na vumbi. Bibi akaifunga simu yake kwenye pindo la kanga, akakaza fundo. “Mimi maganda ya mihogo namwaga tu.”

Foleni ikavunjika.

Betri ya simu ya bibi ilikuwa imevimba kama andazi, kwa hiyo mtaalamu alisema kweli. Lakini sisi wa korosho tunajua: kinachopandishwa mzanini kuna mtu anakisubiri huko mbele akinunue. Nami yangu nimeirudisha kabatini. Jana niliiona inaanza kuvimba.